Jina la aliyemficha bibi

Nilipomwambia Ami nakwenda Shindagha kutazama maonyesho ya Maangamizi ya Wayahudi, aliniuliza, "Wa Gaza umeshamaliza kuwalilia, mwanangu?" Hapa Rashidiya, Dubai, swali hilo ungeulizwa na yeyote. Sikumjibu; Ami ni mkubwa wangu, na hasira yake ina haki. Nilipanda metro, nikabadilisha Union, nikashuka Al Ghubaiba.

Jibu langu nalitoa hapa. Maiti wa Gaza hawapungukiwi kitu mtu akisoma habari za ajuza wa Kiyahudi aliyenusurika Berlin. Serikali ya Israel si mrithi wa machozi ya bibi huyo, wala haina hakimiliki juu yake.

Makumbusho yenye maonyesho hayo ni ya mwenyeji wa hapa, Ahmed Obaid Al Mansoori, na maonyesho yalifunguliwa Mei 2021. Humo inaelezwa pia habari ya Waarabu na Waislamu waliowaokoa Wayahudi. Katika watu wa aina hiyo, anayenigusa mimi ni daktari Mohamed Helmy, Mmisri aliyezaliwa Khartoum 1901 na kusomea udaktari Berlin. Wanazi walimfukuza kazi, wakamfunga. Alipotoka, tangu 1942 hadi vita vilipokwisha, alimficha Anna Boros, binti wa familia aliyokuwa akiitibu. Na bibi yake Anna, Cecilie Rudnik? Huyo Helmy alimtafutia maficho kwa mwanamke wa Kijerumani, Frieda Szturmann, ambaye kwa zaidi ya mwaka aligawana naye chakula cha mgao wake. Wakati ule chakula cha mgao hakikumtosha hata mwenyewe.

Tunayajua haya kwa sababu moja tu: waliookolewa waliandika. Baada ya vita walipeleka barua serikali ya Berlin kuwasemea waliowaficha. Barua zikakaa kwenye majalada miaka mingi, zikaibuliwa, na mwaka 2013 Helmy na Frieda wakatunukiwa na Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu ya Israel. Jamaa za Helmy huko Misri kwanza waliikataa tuzo kwa sababu imetoka Israel. Nawaelewa. Mmoja wao aliipokea Berlin mwaka 2017.

Bibi yangu naye alifichwa. Januari 1964, Unguja. Silinganishi: Ulaya dola nzima, na treni zake na makarani wake, iliua Wayahudi milioni sita. Wala sitaki kufufua kesi ya Mapinduzi ya Zanzibar. Waliopindua walikuwa na madai, na mengine yalikuwa ya kweli. Nasema habari ya mwanamke mmoja aliyejificha chumba cha makumbi na watoto wawili, akiletewa muhogo usiku na jirani yake, mama wa Kinyamwezi ambaye mume wake hakutakiwa kujua.

Bibi aliishi Rashidiya mpaka alipofariki. Ndege zikipita juu ya paa kwenda kutua, alikatisha maneno, akangoja, akaendelea palepale alipoishia. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la Nido lenye pasi za kusafiria za wanawe wote, hata waliokwisha kufa. Tarehe 12 Januari, siku ya Mapinduzi, televisheni haikuwashwa. Na aliacha wasia: bangili yake moja ya dhahabu wapewe watoto wa yule jirani. Bangili ipo kwa shangazi. Jina la jirani halipo. Bibi alimwita "shoga yangu" maisha yake yote, na sisi tukaona inatosha.

Ndiyo maana huwa nachoka na mabishano yetu ya kila Januari. Upande mmoja unahesabu waliouawa, wa pili unahesabu dhuluma za kabla ya hapo, na waliofungua milango hawahesabiwi na yeyote, kwa sababu hawamfai yeyote katika ubishi. Mama yule wa Kinyamwezi anaharibu hadithi za pande zote mbili.

Wayahudi hawakungoja ubishi uishe. Taasisi ya Shoah iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994 imerekodi ushuhuda zaidi ya 50,000. Sisi Waswahili wa Dubai, Muscat na Unguja hatuhitaji Spielberg. Kila mjukuu ana simu mkononi. Tunachohitaji ni kumkalisha mzee kabla ya adhana ya alasiri na kumuuliza vizuri. Ukianza na "nani aliua?" atanyamaza, na pengine mwanawe atakwambia uzime simu. Anza na aliyemficha: aliitwa nani, alikuwa mtu wa wapi, watoto wake waliitwaje, nyumba yake ilitazamana na nini. Kisha nakala moja ipelekwe Zanzibar, maana huenda Ng'ambo au Tabora kuna wajukuu ambao hawajaambiwa na yeyote alichokifanya bibi yao.