Manukato si Hewa Safi

Miongoni mwa vifaa vidogo vya umeme vinavyouzwa madukani siku hizi, kipo kimoja ambacho hakizungumzwi sana lakini kinastahili kufikiriwa. Nacho ni kisanduku chepesi cha kubebeka, chenye feni ndogo inayoendeshwa kwa betri, na ndani yake mna kidonge kilichotiwa manukato. Feni ikizunguka, hewa hupita juu ya kidonge, huyachukua manukato na kuyaeneza chumbani. Hapana moto, hapana moshi, wala hapana joto. Mwenye nyumba huinusa harufu nzuri, akaridhika kwamba chumba chake kimesafishwa.

Hoja inayotolewa hapa ni kwamba kuridhika huko hakuna msingi, na kwamba mahali pengine kunaweza kuleta hatari. Kilicho cha thamani katika kisanduku hicho ni feni, si manukato. Kwa wakazi wa Mbinga na wa ufuko wa Ziwa Nyasa, feni hiyo hiyo ingefaa zaidi kama ingegeuzwa ielekee dirishani.

Yafaa kwanza kukitendea haki kifaa chenyewe. Kanuni yake ni ile ile inayokausha nguo kambani. Kila kitu chenye harufu hutoa mvuke kidogo kidogo. Hewa iliyotulia juu yake ikishajaa mvuke huo, utokaji wake hupungua. Upepo ukiiondoa hewa hiyo na kuleta nyingine, mvuke huendelea kutoka hata pasipo joto. Chetezo cha ubani hufanya kazi hiyo kwa njia nyingine: kaa la moto huunguza utomvu, na pamoja na harufu nzuri hutoka moshi, masizi na gesi ya mkaa. Kwa hiyo anayeacha chetezo katika chumba kilichofungwa na kutumia feni amepunguza moshi, na pia amepunguza hatari ya kuunguza godoro. Hayo ni maendeleo, na hapana sababu ya kuyakana.

Lakini harufu mbaya imekwenda wapi? Kama madirisha yamefungwa, haikwenda popote. Mvuke wake bado umo chumbani kwa kiasi kile kile, na sasa umeongezewa mvuke wa manukato. Pua ndiyo iliyoshughulishwa na harufu yenye nguvu zaidi. Isitoshe, pua huzoea upesi: mtu akikaa muda mfupi katika chumba chenye harufu yoyote, huacha kuisikia, ilhali mgeni anayeingia huisikia mara moja. Kifaa kinachotegemea pua kutoa ushahidi wa usafi kimemtegemea shahidi asiyeaminika.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kona hii ya kusini-magharibi ya Mkoa wa Ruvuma, kwa kuwa huko zipo sababu mbili za kufunga madirisha. Juu, katika milima ya Umatengo, ambayo sehemu zake hupita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ni baridi, hasa kati ya Juni na Agosti. Chini, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambako ziwa liko kwenye kimo cha takriban mita 475 tu, ni joto, na watu hufunga madirisha jioni kwa kuogopa mbu. Mlimani na ufukweni watu hulala katika hewa isiyobadilika, ingawa kila upande una sababu yake.

Mlimani adui mkubwa ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani ili kuota moto. Mkaa uliokolea hautoi moshi unaoonekana, lakini hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na hivyo damu hushindwa kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na huenda asiamke. Chumba chenye gesi hiyo kinaweza kunukia waridi au asumini, na pua haitatoa onyo lolote. Hapa ndipo manukato yanapodhuru fikra: humfundisha mtu kwamba hewa isiyonuka vibaya ni hewa salama. Kinachoua mara nyingi hakinuki, na kinachonuka mara nyingi hakiui.

Ufukweni tatizo ni jingine. Usipa, samaki wadogo wanaovuliwa kwa wingi ziwani, huanikwa juani. Jua likiwaka hukauka vizuri. Lakini msimu wa mvua, usipa waliokauka nusu huingizwa ndani, na magunia huwekwa karibu na vitanda. Bakteria huendelea kuvunjavunja protini, zikatoka kemikali za jamii ya amini. Mafuta ya samaki nayo huchacha yakikutana na oksijeni. Harufu hiyo si aibu ya kufichwa. Ni taarifa kwamba chakula kinaharibika na kwamba fedha ya mvuvi inapotea. Anayewasha kisanduku cha manukato ameizima taarifa hiyo, na usipa wanaendelea kuoza.

Wapishi wa ufukweni wanaijua dawa iliyo bora, hata kama hawakusoma kemia. Aliyeparua samaki hunawa kwa ndimu. Asidi ya ndimu huungana na amini na kuzigeuza kuwa chumvi isiyotoa mvuke, kisha maji huiondoa. Hapo harufu haikufunikwa; imeondolewa. Tofauti ya kufunika na kuondoa ndiyo kiini cha suala zima.

Yapo madhara mengine yanayotokana na kufunika. Serikali ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi ni sehemu ya safari hiyo. Gesi hiyo kwa asili karibu haina harufu. Harufu kali inayosikika mtungi unapovuja hutiwa kwa makusudi, kwa kuongeza kiasi kidogo sana cha kemikali yenye salfa. Ulimwengu ulijifunza umuhimu wa jambo hilo kwa msiba. Mwaka 1937, huko New London katika jimbo la Texas, Marekani, gesi asilia isiyotiwa harufu ilivuja chini ya shule, ikalipuka na kuua takriban watu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo sheria ya jimbo hilo iliagiza gesi itiwe harufu. Nyumba yenye mtungi wa gesi, ambayo hewa yake imejazwa manukato mchana na usiku, inalidhoofisha onyo lililopatikana kwa gharama hiyo.

Kadhalika hapana budi kuuliza kidonge chenyewe kina nini. Baadhi ya vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini na chooni hutengenezwa kwa naftalini, ambayo hugeuka kutoka kuwa yabisi na kuwa mvuke bila kupitia hali ya majimaji. Kwa mtu aliyerithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na mtoto mchanga anaweza kupata manjano ya hatari. Upungufu huo umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekuwako kwa karne nyingi, na pwani ya Ziwa Nyasa ni mojawapo ya sehemu hizo. Nguo za mtoto zilizohifadhiwa pamoja na vidonge hivyo si nguo salama, hata zikionekana safi. Feni inayopuliza mvuke huo chumba kizima huongeza tu kasi ya jambo ambalo lingefaa lisitendeke kabisa.

Uchumi pia umo. Mkulima wa Mbinga huikoboa kahawa yake, huichachusha, huiosha, huikausha juu ya vichanja, na aghalabu huiweka nyumbani hadi siku ya kuuza. Kahawa hunyonya harufu kwa urahisi. Ikilala karibu na mafuta ya taa, samaki, au manukato ya dukani, mwonjaji ataitambua harufu hiyo kikombeni, na bei itashuka. Kazi ya mwaka mzima inaweza kuharibiwa na kitu kilichonunuliwa ili kupendezesha chumba.

Imani kwamba harufu nzuri ni kinga si ngeni. Neno malaria lenyewe latokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya hewa mbaya, kwa sababu watu wa zamani walidhani homa husababishwa na uvundo wa mabwawa. Mwaka 1897 Ronald Ross, akifanya kazi nchini India, aliviona vimelea vya malaria katika tumbo la mbu, na dhana hiyo ikaanza kuanguka. Kabla ya hapo, mwaka 1858, Max von Pettenkofer wa Munich, Ujerumani, alikwisha kupendekeza kwamba hewa ya chumba ipimwe kwa kiasi cha kaboni dioksidi inayotolewa na pumzi za watu, isizidi sehemu 1 katika 1,000. Kwa maoni yake, vitu vichafu viondolewe chumbani kwanza, kisha hewa ibadilishwe. Ushauri huo haujapitwa na wakati.

Basi feni ndogo ifanye nini? Hesabu nyepesi inatosha. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina mita za ujazo 22.5 za hewa. Feni ndogo inayosukuma mita 1 ya ujazo kwa dakika, ikiwekwa dirishani na kutoa hewa nje, huku hewa mpya ikiingia upande wa pili, hupitisha hewa ya ujazo wa chumba kizima kwa dakika 23 hivi. Kwa kuwa hewa mpya huchanganyika na ya zamani, hapo harufu itabaki kiasi cha asilimia 37. Baada ya saa moja na dakika 10 itabaki asilimia 5 tu, mradi chanzo chake kimekwisha kuondolewa. Feni hiyo hiyo ikiwa ndani ya kisanduku cha manukato haitoi nje hata lita moja.

Penye upepo, hata feni haihitajiki. Madirisha mawili yanayokabiliana, yenye wavu wa kuzuia mbu, hupitisha hewa usiku kucha. Wavu hupunguza upepo kidogo, lakini dirisha lenye wavu ni bora mara nyingi kuliko dirisha lililofungwa. Kwa vyoo, mfano mwema ni choo cha shimo chenye bomba la hewa, kilichobuniwa na Peter Morgan katika Maabara ya Blair, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka shimoni, na wavu uliofungwa kileleni huwanasa nzi wanaofuata mwanga. Hiyo ni feni isiyotumia betri.

Na mahali ambapo dirisha haliwezekani, feni inaweza kupitisha hewa katika mkaa badala ya manukato. Mkaa una vitundu visivyohesabika vinavyonasa mvuke wa harufu nyingi. Ule uliotayarishwa maalumu kiwandani huwa na uso wa ndani unaozidi mita za mraba 500 kwa gramu moja. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mkaa wa vifuu vya nazi ulitumika katika vinyago vya kuwakinga askari na gesi za sumu. Mkaa wa kawaida una nguvu ndogo zaidi na hubadilishwa mara kwa mara, lakini fundi wa Mbinga anaweza kuujaribu katika kisanduku cha mbao. Ikumbukwe tu kwamba mkaa hauinasi kaboni monoksidi. Dawa ya jiko ni kulitoa nje.

Yamkini wapo watakaosema kwamba harufu nzuri ni starehe, na kwamba si kila starehe ipimwe kwa mizani ya sayansi. Hilo ni kweli. Aliyekwisha kufagia, kuanika, kuosha na kufungua madirisha, akitaka kunukiza chumba chake, hapana wa kumlaumu. Kinachopingwa ni kuyatanguliza manukato mbele ya kazi hizo. Shirika la Viwango Tanzania lingewasaidia wananchi kama lingehimiza kwamba kila kifaa cha aina hii kiandikwe kwa Kiswahili vitu vilivyomo ndani yake, pamoja na onyo kwamba hakisafishi hewa.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kwa nishati duni, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Idadi hiyo haiwezi kupunguzwa na manukato hata kidogo. Usiku wa leo, katika nyumba ya Mbinga yenye baridi, jiko lililotolewa nje na dirisha lililoachwa wazi kiasi cha kiganja vitawafaa waliolala zaidi ya visanduku vyote vya manukato vilivyo madukani.