TAHARIRI: Maji yafuate mteremko, fedha zifuate hesabu

Kiangazi kinapokolea katika mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, mashamba hukauka huku ziwa likiwa limejaa maji mbele ya macho ya mkulima. Kila mwenye uchungu na umaskini wa vijiji vyetu hujiuliza: kwa nini maji haya yasipandishwe shambani tukalima zao la biashara wakati wa kiangazi, pamba kwa mfano, kama wafanyavyo Wamisri na Wasudani? Ni swali halali, na jibu lake liko kwenye hesabu. Msimamo wetu ni kwamba pamba ya kumwagilia kwa pampu haina nafasi katika wilaya za Nyasa na Mbinga mkoani Ruvuma, na fedha ya umma isitumike huko.

Kikwazo cha kwanza kinajulikana na kila bwana shamba. Kwa miongo kadhaa Serikali imezuia kilimo cha pamba katika ukanda wa kusini kwa sababu ya funza mwekundu, mdudu aliyeenea katika nchi jirani za kusini. Zuio hilo linawalinda wakulima wa Kanda ya Ziwa Victoria, ambako pamba ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Anayetaka kulilegeza kwa ajili ya hekta chache za majaribio anahatarisha riziki ya kaya nyingi zisizo na habari naye.

Lakini hata funza huyo akitoweka kesho, hesabu ingekataa. Kwa viwango vya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), pamba huhitaji milimita 700 hadi 1,300 za maji kwa msimu. Tuchukue kiwango cha chini kabisa, milimita 700. Hizo ni mita za ujazo 7,000 kwa hekta moja. Umwagiliaji wa mifereji na matuta hufikisha kwenye mizizi kama asilimia 60 tu ya maji yaliyochukuliwa. Mengine hupotelea ardhini na juani. Kwa hiyo mkulima atalazimika kuvuta karibu mita za ujazo 11,700.

Tuseme shamba lake liko mita 30 tu juu ya ziwa. Kwa pampu ndogo ya dizeli, kazi hiyo itameza lita zipatazo 500. Tukikadiria dizeli kwa shilingi 2,500 kwa lita, hiyo ni shilingi 1,250,000 kwa hekta kabla hajanunua mbegu wala kiuatilifu, wala kumlipa kibarua wa kuchuma. Pamba ikiuzwa shilingi 1,200 kwa kilo, zaidi ya kilo 1,000 za kwanza zitakuwa mali ya muuza mafuta. Wakulima wengi wa pamba nchini hawavuni kiasi hicho kwenye hekta nzima. Mwagiliaji hodari atavuna zaidi yao, ni kweli, ila ziada hiyo ndiyo itakayolipia pembejeo, vibarua, usafiri na pampu yenyewe. Akimaliza kulipa, mkononi hatabaki na kitu cha kumfanya alime tena mwaka unaofuata.

Wapo watakaosema dawa ni umeme na umwagiliaji wa matone. Tumepiga hesabu hiyo nayo. Kwa pampu ambayo nusu ya umeme wake ndiyo inayogeuka kazi, kupandisha mita za ujazo 11,700 kwa mita 30 kunahitaji uniti zipatazo 1,900. Kwa shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, gharama ni kama shilingi 557,000. Matone hufikisha asilimia 90 ya maji kwenye mizizi, hivyo mita za ujazo 7,800 zinatosha. Ila mipira ya matone hudai msukumo wa bar 1, sawa na kupandisha maji mita 10 nyingine. Uniti zinashuka hadi 1,700 hivi, na shilingi hadi 495,000. Theluthi ya maji imeokolewa, lakini akiba ya fedha ni shilingi 62,000 tu kwa msimu. Akiba hiyo hailipi vichujio, mabomba na mipira inayoziba na kuchakaa. Kwa mtu anayevuta maji kutoka ziwa lenye kina cha mamia ya mita, kuokoa maji peke yake hakumlipi. Kinachomuumiza ni nguvu ya kuyapandisha.

Hapo ndipo mfano wa Sudan unaposomwa vibaya. Katika uwanda wa Gezira, majaribio ya mwanzo ya pamba yalitumia pampu. Kilichoifanya Gezira kuwa Gezira ni bwawa la Sennar, lililokamilika mwaka 1925, ambalo liliyawezesha maji ya Nile ya Buluu kutiririka yenyewe hadi mashambani. Pamba ya Sudan ilijengwa juu ya maji ya mserereko. Anayenakili zao akaacha mserereko amenakili nusu ya somo.

Na mserereko ndio utajiri wa Mbinga na Nyasa. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Ufuko wa ziwa uko chini ya mita 500. Kati ya mji na ufuko, mito na vijito vinashuka kutoka milima ya Umatengo mchana na usiku bila kudai dizeli wala uniti. Kila mita 10 za mwinuko huleta bar 1 ya msukumo. Chanzo kilicho mita 30 juu ya shamba, maji yakishushwa kwa bomba, kinatosha kuzungusha vinyunyizi vidogo, na matone yakabaki na msukumo wa ziada. Ule msukumo uliomfilisi mwenye pampu ufukweni, mkulima wa mlimani anaupata bure. Mlima ndio pampu yetu, na kwa gharama ya bomba tu.

Kwa hiyo tunasema wazi: katika wilaya hizi mbili, fedha ya umma ya umwagiliaji iende kwanza kwenye banio dogo na bomba la mserereko. Mfereji wa wazi ubaki kwenye tambarare, kama bonde la mto Ruhuhu kule Lituhi, ambako mpunga una wenyewe na soko lake. Pampu itumike pale tu ambapo zao lina bei ya kuilipa, kama bustani ya mboga ya robo ekari karibu na maji. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imekwisha kuwasogezea wakulima wa mboga walaji wa mijini. Kwa kahawa, maji machache ya kiangazi yanayookoa miche michanga ya aina bora zinazozalishwa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), yenye kituo chake Ugano, yana faida kubwa kuliko maji mengi yanayomwagwa kwenye pamba.

Bomba hata hivyo halizalishi maji. Kahawa ya Mbinga huvunwa na kumenywa kwa maji kiangazi, miezi ileile ambayo vijito vimepungua na bustani zinadai maji. Hapo pana mgogoro unaokuja, na dawa yake ya kwanza ni ya kienyeji. Kwa zaidi ya miaka 100 Wamatengo wamelima ngolo kwenye miteremko mikali: nyasi hulazwa kwa miraba, zikafunikwa udongo, na mvua ikatuama mashimoni badala ya kubeba shamba. Maji yanayopenya kwenye ngolo hayawi mafuriko bondeni, bali hurudi vijitoni polepole. Mpango wowote wa umwagiliaji unaoziacha ngolo zife kwa sababu hakuna nguvu kazi ya vijana ya kuzilima unachimba msingi wake wenyewe.

Onyo lingine liko Kilimanjaro. Mradi wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulileta mavuno ya mpunga ya kupigiwa mfano. Wakulima wa juu ya banio walipoona faida hiyo nao wakachepusha maji, na mashamba ya mradi yakaanza kukosa. Zege lilikuwa imara. Mgawanyo wa maji ndio uliolegea. Tunalisema hili mapema kwa sababu kwenye mto Ruhuhu umepangwa mradi wa Kikonge, wenye umeme wa megawati 300 na umwagiliaji wa hadi hekta 4,000. Wakulima wa bonde hilo wana haki ya kujua leo kila mita ya ujazo itawagharimu kiasi gani na nani atailipia.

Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, isijenge skimu yoyote Ruvuma kabla ya kubandika kwenye ofisi ya kijiji gharama ya hekta moja, gharama ya kufikisha maji na tozo ya matengenezo. Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa itoe vibali kwa kupima maji ya Septemba na Oktoba, wala si ya Machi. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zisimamie bila upendeleo mita 60 za hifadhi ya vyanzo zilizowekwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004. Nanyi wakulima, lipeni tozo za vyama vyenu vya umwagiliaji, na kataeni mradi wowote unaoletwa kwenu bila hesabu yake, hata kama mleta mradi anakuja na pampu ya bure. Pampu ikitolewa bure, mafuta yake mtanunua wenyewe kila msimu.