Kisanji hakijapotoka, tumezoea kinanda tu

Jumapili asubuhi, katika makanisa mengi ya Dilala na Manika mjini Kolwezi, kinachoongoza ni kinanda cha umeme. Gitaa hutuniwa kwa kukifuata, kwaya huchukua sauti kwacho, na mzee akitokea na kisanji chake huambiwa kwamba ala ni nzuri, ila “haiko juste”. Hukumu hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini si ya haki, na inaugharimu mkoa wa Lualaba kuliko wengi wanavyodhani.

Kinanda kimeigawa oktava moja, yaani nafasi kati ya sauti na mwenzake wa juu, katika hatua 12 zilizo sawa kabisa. Wataalamu huipima nafasi hiyo kwa senti, kipimo kilichobuniwa na Mwingereza Alexander Ellis katika karne ya 19. Oktava nzima ni senti 1,200, na kila hatua ya kinanda ni senti 100.

Hata huo mpangilio wa kinanda haukushuka kutoka mbinguni. Sauti mbili zikipatana kwa uwiano safi wa 5 kwa 4, huachana kwa senti 386. Kinanda hutoa 400. Wanamuziki wa Ulaya walikubali kupinda karibu kila sauti kidogo ili wimbo uanzie popote bila kuchafuka. Ni mapatano yenye faida kubwa, lakini ni mapatano. Ellis mwenyewe, baada ya kupima ala za mataifa mbalimbali, alitangaza mwaka 1885 kwamba skeli za muziki duniani ni nyingi, tena ni kazi ya binadamu.

Fundi wa kisanji, ala inayopendwa na Wachokwe, Waluba na majirani zao, alifanya mapatano yake. Hufupisha sehemu ya chuma inayotikisika ili sauti ipande, huirefusha ili ishuke, na hubandika nta chini ya ncha ili izame zaidi. Mizani yake ni sikio lake na sauti ya waimbaji anaowafuata. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyefanya kazi mashariki mwa Angola mwaka 1965 miongoni mwa Wachokwe na jirani zao, alionyesha kwamba huko sauti zinazoimbwa pamoja huwa na nafasi zinazonyumbulika, bila kufungwa katika vipimo vya kinanda.

Sehemu mbalimbali za Afrika wapimaji wamekuta ala zinazokaribia kuigawa oktava katika hatua 7 zilizo sawa. Hapo kila hatua ni kama senti 171, na hatua mbili ni kama 343. Kwenye kinanda kuna 300 na kuna 400, 343 haipo. Kinanda basi hakiwezi kumsahihisha mzee, kwa kuwa hakina hata sauti anayoitafuta.

Wapo watakaosema kwamba dunia imeshahama, na watataja mfano mzito: Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, ambayo leo imo ndani ya Lualaba. Gitaa lake lilikuwa na vyuma shingoni vilivyopangwa kwa hatua zilezile 12, na bado mwaka 1952 Hugh Tracey alipomrekodi Jadotville, Likasi ya leo, muziki wake ulivuka mipaka na kuwafundisha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki na kusini mwa bara.

Hoja hiyo ni ya kweli, na hakuna anayetaka gitaa lichomwe moto. Lakini Mwenda alikua kabla kinanda hakijawa mwalimu pekee. Kijana wa Kolwezi anayeingia studio leo hana uchaguzi. Programu ya kunyoosha sauti ikiachwa kwenye mpangilio wake wa kawaida, humvuta mwimbaji hadi hatua ya jirani: aliyeimba 343 anashushwa hadi 300, wala haulizwi. Baada ya miaka michache sikio lake litakubaliana na mashine, naye atamwambia babu yake kwamba amekosea.

Dawa ipo na haina miujiza. Wanamuziki wa nchi za Kiarabu walikuwa na shida hiyohiyo, kwa sababu maqamu zao zina sauti zilizo katikati ya funguo. Walidai, na leo viwanda vinawauzia vinanda ambavyo kila ufunguo unaweza kushushwa au kupandishwa kwa senti. Studio ya Kolwezi inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kompyuta iliyonayo, mradi kuna mtu aliyepima.

Kupima ndiko kunakokosekana. Tracey, aliyerekodi Katanga mwaka 1952 na 1957, alitembea na uma za sauti akiandika mipangilio ya ala. Rekodi zake zimehifadhiwa Makhanda, Afrika Kusini. Jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lina ala na rekodi nyingi za Kongo, na watafiti wa Ubelgiji wameshatengeneza programu ya kuchambua skeli zake. Mkongo hapaswi kupanda ndege ili asikie kisanji cha babu yake kilivyolia. Nakala zirudi Kolwezi, na wazee waliobaki warekodiwe wakiwa hai.

Fedha si kisingizio katika mji unaokaa juu ya shaba na kobalti inayotafutwa na dunia nzima. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Visima, shule na zahanati vitangulie, hilo halina ubishi. Lakini simu moja, kinasa sauti kimoja na vijana wawili waliofundishwa kupima ni gharama ndogo mno kando ya hayo.

Shaba ya Lualaba huchimbwa mara moja ikaisha. Sauti ya kisanji haiishi kwa kupigwa, huisha kwa kukosa wa kuisikia. Jumapili ijayo mzee akija na ala yake, kiongozi wa kwaya azime kinanda kwa wimbo mmoja, aiache kwaya imfuate mzee.