Kimya cha Mapito ya Milima Hakikuletwa na Milima

Aghalabu mtu akisikia habari za barabara za milima ya Alps, ambako mwendesha baiskeli hupanda kwa saa nzima au mbili pasi na kupitwa na lori hata moja, hudhani kuwa utulivu huo ni tunu ya maumbile: milima ni mirefu, watu ni wachache, basi magari yatoke wapi? Dhana hii ina mvuto ila haina ukweli. Alps ni milima yenye miji, viwanda na watalii wasiohesabika, na magari yamo tele. Pale ambapo hayapo, yalizuiwa. Kimya cha mapito ya milima kililetwa na sheria, kura, fedha na ukaidi wa watu, na yafaa jambo hili lieleweke vyema nchini Kenya.

(Neno "mapito" latumika hapa kwa maana ya mahali ambapo barabara huuvuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja hadi jingine. Kiswahili kina utajiri wa majina ya pepo, mikondo na sehemu za jahazi. Kwa milima, wanaistilahi wangali na kazi.)

Mfano ulio wazi zaidi ni mapito ya Grosse Scheidegg nchini Uswisi, yaliyo kwenye kimo cha mita 1,962 baina ya Meiringen na Grindelwald. Barabara yake ni nyembamba, imetiwa lami, nayo hupita chini ya kuta za mawe za mlima Wetterhorn. Kutoka Meiringen, mji ulio kwenye kimo cha takriban mita 600, mpandaji hukabiliwa na zaidi ya kilomita 15 za mwinuko. Kwa kuwa Grindelwald ni miongoni mwa vijiji vinavyopendwa mno na watalii, mtu angetarajia foleni za magari huko juu kila kiangazi. Hazipo. Sehemu ya juu ya barabara hiyo imefungiwa magari ya watu binafsi. Wanaoruhusiwa ni wenye vibali, kama vile wafugaji walio na malisho mlimani, pamoja na mabasi ya abiria. Mabasi ya milima ya Uswisi, hasa yale ya manjano ya posta, yana honi ya sauti tatu zilizotolewa katika opera ya Rossini kuhusu shujaa Wilhelm Tell. Dereva huipiga akikaribia kona asiyoweza kuona mbele yake. Mwendesha baiskeli husikia, husogea kando, basi hupita, na kimya hurejea.

La kutiliwa maanani ni kwamba hakuna aliyenyimwa mlima. Ajuza asiyeweza kukanyaga pedali hufika juu kwa basi. Mfugaji hupeleka ng'ombe wake malishoni kama walivyofanya babu zake. Kilichoachwa bondeni ni gari la mtu, naye mwenyewe amekaribishwa.

Kisa cha Gotthard, katika nchi iyo hiyo, ni kichungu zaidi. Mapito haya ya mita 2,106 yameunganisha kaskazini na kusini mwa Ulaya kwa karne nyingi. Upande wa kusini, juu ya kijiji cha Airolo, iko barabara ya kale iitwayo Tremola, iliyojengwa kati ya mwaka 1827 na 1832 chini ya mhandisi Francesco Meschini. Imepandishwa mlimani kwa kona 24 zilizobanana kama mikunjo ya shuka, na imesakafiwa kwa vipande vya mawe ya granaiti ambavyo humtikisa mpandaji hadi meno. Magari yalipozidi, ilijengwa barabara nyingine pana kando yake. Hatimaye, mwaka 1980, handaki la magari lenye urefu wa kilomita 16.9 lilifunguliwa chini ya mlima wote. Malori yakatumbukia ardhini, nayo Tremola ikaachiwa waendesha baiskeli na madereva wachache wasio na haraka.

Hata hivyo, malori hayakutoweka, yaliongezeka. Wakazi wa bonde la Leventina upande wa kusini, na wale wa jimbo la Uri upande wa kaskazini, ndio walioachiwa moshi na ngurumo usiku na mchana. Ghadhabu yao ilichangia kura ya Februari 1994, ambapo Waswisi waliingiza katika katiba yao sharti kwamba mizigo inayovuka nchi kutoka mpaka hadi mpaka ihamishiwe kwenye reli. Handaki la reli la kilomita 57 lilifunguliwa mwaka 2016. Na mwaka huohuo wapiga kura walewale waliidhinisha kuchimbwa kwa handaki la pili la magari! Kwa hiyo anayefurahia kimya cha Tremola hana budi kujua kwamba kuna anayekilipia kule chini. Mjadala wowote kuhusu barabara tulivu usiouliza kelele zimepelekwa wapi ni mjadala wa nusu.

Mahali pengine hatua zimekuwa ndogo zaidi. Katika eneo la Hautes-Alpes nchini Ufaransa, mapito mashuhuri kama Izoard hufungiwa magari kwa asubuhi chache tu za kiangazi. Stelvio ya Italia, yenye kimo cha mita 2,757 na kona 48 upande wa kijiji cha Prato, huwa na siku yake maalumu ya baiskeli. Siku nyingi nyingine za msimu hutawaliwa na pikipiki. Mwaka 2017 mapito ya Sella katika milima ya Dolomiti yalifungwa kila Jumatano ya Julai na Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi alasiri. Jimbo la Tirol nchini Austria nalo lilipiga marufuku mwaka 2020 pikipiki zenye kelele kupita kiasi katika baadhi ya barabara za wilaya ya Reutte. Hapo walioshtaki kelele walikuwa wanavijiji waliotaka kuketi vibarazani mwao na kusikilizana.

Mgala muuwe na haki yake umpe. Wapo wanaoona kuwa yote haya ni anasa ya matajiri, na kwamba mtu anayenunua baiskeli kwa bei ya gari hafai kufungiwa barabara iliyojengwa kwa kodi ya wote. Hoja hii ina uzito, na Kenya ina uzito maradufu. Huku baiskeli hubeba maziwa, makaa, mitungi ya maji na wanafunzi. Neno lenyewe "bodaboda" lilizaliwa na baiskeli zilizovusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda. Lakini ni nani anayehitaji barabara isiyo na malori yaendayo kasi kuliko huyo mwenye mitungi ya maziwa? Mtalii akiogopa barabara, hurudi hotelini. Mchuuzi akiogopa, huenda vivyo hivyo, kwa kuwa hana njia nyingine.

Barabara ya Mai Mahiu ni ushahidi. Ilichongwa kwenye ukuta wa Bonde la Ufa katika miaka ya 1940 kwa mikono ya wafungwa wa vita wa Kiitaliano, walioacha kikanisa kidogo kando yake. Watu waliotoka katika nchi ya Stelvio waliijengea Kenya barabara ya mapito yenye mandhari ya kustaajabisha. Leo hupitwa na malori yaendayo Naivasha, Nakuru hadi Uganda, na mwenye baiskeli hapo huyatazama magurudumu kuliko bonde. Christopher Froome, mzaliwa wa Nairobi, alifunzwa mchezo huu na Mkenya David Kinjah katika viunga vya Kikuyu, si mbali na ukuta huohuo. Mei 2018, katika mashindano ya Giro d'Italia, aliwaacha wapinzani wake kwenye mapito ya Colle delle Finestre, ambako sehemu ya juu ya barabara ni changarawe tupu, akaenda peke yake takriban kilomita 80 hadi mwisho. Milima ya kumlea mwendesha baiskeli Kenya inayo.

Na ingalipo barabara moja ambayo haijaharibika. Kutoka Iten, kwenye kimo cha takriban mita 2,400, lami hushuka kwa kona kupitia Tambach hadi sakafu ya bonde la Kerio, huvuka mto kwenye korongo la Cheploch, ambako vijana huruka majini kutoka majabalini, kisha hupanda milima ya Tugen hadi Kabarnet. Magari hapo ni machache yakilinganishwa na ya Mai Mahiu. Wanaotembea kwa miguu hutembea bila kuruka mitaroni. Lakini utulivu huu haukuamuliwa na mtu. Umetokea tu, na hakuna sheria inayoulinda. Siku malori yatakapoona njia hii inafaa, yatakuja, na hapatakuwa na karatasi ya kuwaonyesha madereva.

Serikali za kaunti za Elgeyo-Marakwet na Baringo, zikishauriana na mamlaka ya barabara kuu, zinaweza kuanza na Jumapili moja kila mwezi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Matatu, magari ya wagonjwa na ya wakazi wa njiani yaruhusiwe, kama yanavyoruhusiwa mabasi na wafugaji wa Grosse Scheidegg. Yanayohitajika ni matangazo ya mapema redioni, vizuizi viwili, kimoja Iten na kingine Kabarnet, pamoja na askari wachache wa kuvisimamia.