Mwamba Ngoma Ngozi Huivutia Kwake

Wahenga walisema kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo huzifaa habari za kale pia, maana kila mwenye kuzisimulia huzivutia upande wake, hasa pale jambo linalogombewa linapokuwa ni kiti cha enzi.

Katika ufuko wa Nchelenge, kwenye Ziwa Mweru nchini Zambia, habari ya Nachituti inajulikana sana. Mama huyo alikuwa dada yake Nkuba, mtawala wa Washila, wavuvi wa ziwa hilo. Nkuba alimwua mwana wa dada yake. Nachituti, kwa uchungu wa uzazi, akamwendea Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kumwomba amlipizie kisasi. Majeshi ya Walunda yakamshinda Nkuba na kumwua. Ndipo Nachituti alipomkabidhi Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa.

Hiyo ni habari ya msiba wa mama, lakini ni hati pia. Inaeleza kwa nini wageni waliotoka magharibi waitawale nchi ile pasipo kuitwa wanyang'anyi: walipewa. Mwaka 1951 habari za utawala huo zilipigwa chapa kwa Kibemba katika kitabu kiitwacho Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake Wahenga Wangu na Watu Wangu. Mtungaji alikuwa Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula. Mwenye kiti ndiye aliyeshika kalamu. Kama kalamu ingalikuwa mkononi mwa ukoo wa Nkuba, pengine ngozi ingalivutwa upande wa pili.

Habari ya kale hutazama nyuma, na utabiri hutazama mbele. Lakini vyote viwili huweza kujibu swali moja: nani ana haki ya kutawala? Mfano wa utabiri wa namna hiyo umo katika hadithi za Mfalme Arthur wa Uingereza.

Hadithi hizo zilikusanywa na Sir Thomas Malory, askari farasi aliyekuwa kifungoni, akazimaliza mwaka 1469 au 1470. Mojawapo yasimulia kwamba Arthur, akiwa safarini kwenda vitani, aliota joka likipigana na mnyama wa kutisha na kumwua. Mwenye hekima akamfasiria: joka ni wewe mwenyewe, na mnyama yule ni mdhalimu anayewatesa watu.

Mnyama huyo alikuwa nani? Katika mswada wa mkono uliogunduliwa mwaka 1934 katika shule ya Winchester, ni dubu. Katika kitabu kilichopigwa chapa na William Caxton tarehe 31 Julai 1485, ni nguruwe mwitu. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanakaribiana sana kwa herufi. Lakini nguruwe mwitu mweupe alikuwa nembo ya Mfalme Richard wa 3, na joka jekundu lilikuwa katika bendera ya mpinzani wake, Henry Tudor. Tarehe 22 Agosti 1485, majuma matatu tu baadaye, wawili hao walikutana vitani huko Bosworth. Richard aliuawa, Henry akatwaa taji.

Je, lilikuwa kosa la mpanga herufi, au mtu alilibadili neno makusudi? Wataalamu hawajakubaliana mpaka leo. Lililo wazi ni kwamba baada ya vita, aliyesoma ndoto ile aliweza kusema, "Tazama, ilitabiriwa!"

Henry naye hakuacha nafasi ipite. Mwanawe wa kwanza alipozaliwa mwaka 1486, alizaliwa Winchester, mji uliohusishwa na Arthur, akapewa jina la Arthur ili watu waone kwamba mfalme wa kale amerudi. Kijana huyo alifariki mwaka 1502, akiwa na umri wa miaka 15, wala hakutawala siku moja. Aliyerithi ni mdogo wake, Henry wa 8. Huyo, mwana wa nyumba iliyopanda kwa joka, alipitisha sheria mwaka 1542 ya kuwaadhibu vikali wanaoeneza utabiri uliojengwa juu ya nembo za wakubwa. Alijua vema kwamba ngazi aliyopandia baba yake ingeweza kupandiwa na mwingine.

Huko Bosworth, walioanguka hawakuuawa na joka wala nguruwe. Waliuawa na mishale, mapanga na mashoka, na nyuma yao walibaki wajane na yatima ambao hawakutajwa katika ndoto yoyote. Kwa hiyo mlinzi wa taifa asikiapo kambini, au mama asikiapo sokoni, kwamba jambo fulani limekwisha kutabiriwa, heri aulize kwanza maswali matatu: Yameandikwa lini? Nani aliyeandika? Na ngozi inavutwa upande wa nani?