Bisibisi si Aibu kwa Mwenye Diploma



Ingieni leo katika nyumba kumi za Bulengera, mtazame chini ya vitanda na juu ya makabati. Mtakuta resho isiyowaka, pasi iliyokatika waya, redio iliyonyamaza, taa ya jua ambayo betri yake imechoka. Vyombo hivyo havikutupwa, wala havitumiki, vinangojea. Na katika nyumba hizo hizo mtakuta kijana, mara nyingi mwenye diploma ya Serikali, ameinamia simu yake saa mbili au tatu kwa siku akitazama watu asiowajua wakicheza na kuchekesha. Simu hiyo hiyo ingeweza kumfundisha kuiamsha resho. Hajaiuliza.

Nasema hivyo kwa ukali, ingawa mimi mwenyewe simo nje ya lawama. Resho ya nyumbani kwangu ilikaa chini ya kitanda miezi saba. Nilikuwa nimekwisha kuihukumu: imekufa, tutanunua nyingine Mungu akijalia. Siku moja binti wa dada yangu, mwanafunzi wa sekondari, aliitoa, akaipangusa vumbi, akaifungua. Alikuwa ametazama video ya mtu asemaye Kihindi, ambaye hakumwelewa hata neno moja. Lakini mikono ya mtu yule ilieleweka. Ndani tukakuta skrubu iliyolegea pale waya unapoungana na koili. Kwa kulegea ilikuwa inatoa cheche, na ncha ya waya ikaungua hadi ikawa nyeusi. Binti akaikata ncha ile, akakwangua chuma kwa kisu, akakaza skrubu. Kazi ya dakika ishirini. Kisha akaniuliza kwa adabu zote: “Mjomba, mlikuwa mnangojea nini?” Sikuwa na jibu, na makala hii yote ni kulitafuta jibu hilo.

Miezi saba ile tulipikia makaa. Hapo ndipo jambo dogo la skrubu linapokuwa jambo kubwa. Wengi wetu tulishangilia umeme ulipofika mitaani mwetu, kwa kuwa tulitumaini kupunguza magunia ya makaa, macho mekundu ya mama zetu na kikohozi cha watoto. Lakini umeme haupiki. Anayepika ni resho. Resho ikifa, gunia linarudi jikoni siku hiyo hiyo. Na gunia halitoki hewani. Linatoka katika misitu yetu, na sehemu ya makaa ya mkoa huu imekatwa kwa miaka mingi ndani ya Hifadhi ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925, katika biashara ambayo hata makundi yenye silaha yamejinufaisha nayo. Sisemi kwamba resho yangu ndiyo iliyoleta vita. Nasema tu kwamba kati ya skrubu iliyolegea na mti ulioangushwa kuna njia, nayo ni fupi kuliko tunavyodhani.

Sasa nije kwa wenye diploma. Mlifundishwa sheria ya Ohm. Mliiandika ubaoni, mkaijibu katika mtihani, mkapata pointi. Resho iliyoandikwa wati 1,000, ikitumia umeme wa volti 220, huvuta ampea zipatazo nne na nusu, na koili yake lazima iwe na ukinzani wa omu 48 hivi. Ichomoeni resho kwenye umeme, wekeni multimeta kwenye ncha mbili za koili. Ikisoma karibu 48, koili ni nzima, tafuteni tatizo kwenye waya, kwenye plagi au kwenye swichi. Isiposoma kitu, koili imekatika, nayo huuzwa peke yake sokoni kwa bei ndogo mno kuliko resho mpya. Ndiyo hesabu yote. Mtu aliyeipita katika mtihani kisha akakaa miaka minne mbele ya resho baridi bila kuikumbuka, alisoma nini? Na hesabu hiyo hiyo ingewaonya wale wanaounganisha resho kwa waya mwembamba wa taa: ampea nne na nusu katika waya kama ule huweza kuupasha moto hadi ganda lake liyeyuke, na nyumba za mbao hazihitaji zaidi ya hapo ili ziungue.

Najua kinachotuzuia. Si ukosefu wa akili, ni aibu. Tumelelewa kuamini kwamba shule ni ngazi ya kuondokea kwenye kazi ya mikono, na kwamba anayepanda ngazi hapaswi kuonekana tena ameshika bisibisi, ile tunayoiita turnavisi. Wazazi wengine husema kwa fahari: “Mtoto wangu amesoma, hachafui mikono.” Neno hilo husemwa na watu ambao Jumapili huimba sifa za familia ya Nazareti! Yosefu alikuwa seremala. Paulo, msomi kuliko wasomi wa kanda yetu yote, alishona mahema pale Korintho pamoja na Akwila na Prisila, mume na mke, na kitabu cha Matendo ya Mitume hakisemi kwamba mke alikaa pembeni akitazama. Nalisema hili la mwisho kwa sababu katika vikundi vyetu wavulana hushika vyombo na wasichana hushika taa ya kuwamulikia. Anayetumia resho na pasi kila siku ni nani? Yeye ndiye anayejua ilianza kunusa moshi lini, na ilizimika baada ya nini. Nusu ya utengenezaji ni kujua habari hizo.

Wala tusijifanye kwamba ufundi ni mgeni kwetu. Chukudu inayoteremka mlimani ikiwa imebeba magunia haikutoka kiwandani. Ilichongwa na mtu wa hapa, na ikivunjika hutengenezwa kando ya barabara siku hiyo hiyo. Hakuna mtu wa chukudu anayesema, “Imekufa, tungoje nyingine kutoka Dubai.” Kwa mbao tuna ujasiri. Tukiona waya na plastiki, ujasiri unatutoka.

Kuna wanaonijibu kwamba nikiwafundisha vijana kujitengenezea nitawanyang’anya mafundi mkate wao. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwani fundi wa redio mwenye meza ndogo sokoni ana watoto kama sisi. Ni kweli kwamba waya wa pasi uliokatika shingoni, pale unapopindwa kila siku, ni kazi ambayo ataipoteza. Lakini mtazameni fundi hodari: kazi yake hasa ni mota iliyoungua, friji isiyopoza, ubao wa televisheni ulioharibiwa na umeme unaopanda na kushuka. Huko mwenye nyumba hatafika kwa video moja. Tena mteja aliyewahi kufungua kitu kwa mikono yake hamdharau fundi wala habishani naye juu ya kila faranga, maana ameona jinsi kazi ilivyo. Anayepoteza kweli ni yule asemaye “imekufa kabisa, niachie” bila hata kuifungua, kwa sababu anajua hatutauliza. Huyo simlilii.

Wengine husema vitu vya siku hizi havitengenezeki, vimetoka China, basi. Jibu hilo linatupendeza kwa kuwa linamweka mkosaji mbali sana. Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Ni ndugu zetu wenyewe waendao Dubai na Guangzhou, na mizigo yao hupita Mombasa na Kasindi mpaka dukani. Anayeagiza huchagua, na kinachomwongoza katika kuchagua ni bei tuliyo tayari kuilipa. Tukikataa kununua pasi isiyo na skrubu, iliyogundishwa kwa gundi isifunguke, tutaanza kuziona zenye skrubu.

Si kwamba viwanda havina hatia. Mwaka 1924, mjini Geneva, watengenezaji wakubwa wa balbu duniani, Osram na Philips wakiwemo, walipatana kwamba balbu zisidumu zaidi ya saa 1,000, na aliyetoa balbu zenye kudumu kupita kiasi alitozwa faini. Tangu wakati huo ujanja umeongezeka. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya ulipitisha mwezi wa Juni 2024 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa vyombo kadhaa vya nyumbani kuvitengeneza vikiharibika. Sheria hiyo haitufikii. Vinavyotufikia ni vyombo ambavyo wenzetu wamekwisha kuvichoka. Mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za vyombo vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ilikusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Hapa mkoa wetu una uchungu wake wa pekee. Katika simu na kompyuta nyingi mna vipande vidogo vya kuhifadhia umeme vilivyotengenezwa kwa tantalamu, madini yanayotokana na koltani. Na koltani yachimbwa Rubaya, huko Masisi, katika mkoa huu huu wa Kivu ya Kaskazini, na vijana wa umri wenu, katika mashimo yanayobomoka. Udongo wetu husafirishwa, hurudi umevaa plastiki inayong’aa, tunaununua kwa dola, na kioo kikipasuka tunautupa mtoni pamoja na maganda ya ndizi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato si’ wa mwaka 2015, aliushutumu utamaduni huu wa kutupa, na alihesabu kukitumia tena kitu badala ya kukitupa upesi kuwa kunaweza kuwa tendo la upendo. Vikundi vyetu vingi vimeusoma waraka huo na kuuandikia nyimbo. Ni kikundi gani kimetengeneza hata redio moja kwa sababu yake?

Ama kuhusu gharama za mega, hapo mnasema kweli. Video ya nusu saa inaweza kumaliza mega za siku nzima, na mtandao ukisuasua hakuna unachokiona. Lakini si lazima kila mtu alipe. Mmoja apakue usiku au mahali penye mtandao mzuri, wengine wapokee kwa kadi ya kumbukumbu au kwa bluutuzi. Ndivyo tunavyogawana sinema na nyimbo za kwaya, wala hakuna anayelalamika. Tena maandishi na picha hula mega kidogo sana. iFixit, iliyoanzishwa mwaka 2003 na wanafunzi wawili wa California waliokosa mwongozo wa kutengeneza kompyuta, hutoa miongozo ya picha hatua kwa hatua bila malipo, na baadhi ipo kwa Kifaransa. Kiswahili ndicho chenye njaa. Ningefurahi kuona kijana wa Bulengera akirekodi mikono yake ikifungua resho na kuieleza kwa Kiswahili safi, au kwa Kinande, ili bibi wa Lubero aliyekimbia vita na kubaki na pasi moja aelewe.

Lakini msimwamini kila mwenye video. Wapo watakao kutazamwa tu, na “miujiza” yao ya kupata umeme wa bure ni uongo mtupu. Tazameni video mbili au tatu za tatizo lile lile. Zikikubaliana, na mtengenezaji akipima kabla ya kubadilisha kitu, endeleeni. Asiyepima anabahatisha.

Na kuna vitu ambavyo nawakataza kabisa, nikikubali kuitwa mwoga. Tanuri ya maikrowevu: ndani yake mna kapasita yenye volti zaidi ya 2,000, nayo huweza kuua hata baada ya plagi kuchomolewa. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa ni hivyo hivyo. Betri ya simu au ya taa ya jua iliyovimba msiitoboe wala kuipiga, inawaka moto. Nguzo na mita ya umeme si zenu kuzigusa. Na hata kwa pasi ya kawaida, kuzima swichi hakutoshi: plagi itoke ukutani, iwekwe mezani mbele ya macho yenu. Mmoja wetu anayejifunza akifa kwa umeme, wazee watafunga mlango huu kwa miaka ishirini, nao watakuwa na haki.

Huko Amsterdam, tarehe 18 Oktoba 2009, mwanamke mmoja, Martine Postma, aliwaalika majirani walete vitu vilivyoharibika, wakae na wanaojua, watengeneze pamoja bila malipo. Leo mikutano ya namna hiyo ipo kwa maelfu duniani. Haihitaji mradi wala mfadhili. Inahitaji meza, mwanga, bisibisi chache na mtu mmoja asiyeona haya kusema “sijui, tutazame”. Sisi tuna zaidi ya hayo: tuna mafundi wakristu katika mashirika yetu, ambao hatujawahi kuwaomba watufundishe kitu chochote.

Basi tumekubaliana na wazee kwamba Jumamosi, baada ya mazoezi ya kwaya, meza mbili zitawekwa nyuma ya ukumbi. Fundi mmoja wa redio amekubali kukaa nasi hadi jioni, na tutamlipa kwa mchango wa faranga kidogo kutoka kwa kila mmoja, ili asipoteze siku yake. Leteni kile kilicho chini ya kitanda, pamoja na mtu anayekitumia. Mwenye multimeta aje nayo. Hadi sasa tunayo moja tu, na betri yake ni dhaifu.