Kabla ya kumeza melatonini iliyotumwa na ndugu yako

Kama umemaliza upasuaji au mionzi ya saratani ya matiti na sasa unatumia tamoksifeni, anastrozoli au letrozoli, huenda wewe ni mmoja wa wanaokesha. Unalala saa nne usiku, saa nane unaamka umeloa jasho, unatupa shuka pembeni, kisha mawazo yanaanza. Asubuhi huna nguvu, unamfokea mtoto bila sababu, na nyumbani wanasema, "Si umeshapona, sasa nini tena?"

Hudeki. Dawa hizi huzuia estrojeni isifanye kazi au isitengenezwe, na ubongo ukiikosa hushindwa kuratibu vizuri joto la mwili. Joto la ghafla hukatiza usingizi, na usingizi ukikatika kila siku, hasira na huzuni hufuata. Tatizo ni kwamba kliniki nyingi huuliza kuhusu uvimbe na majibu ya vipimo, halafu anaitwa mgonjwa mwingine. Usingizi hauulizwi. Ndiyo maana mgonjwa anatafuta jibu kwa shoga yake, au kwa ndugu aliyeko Marekani anayemtumia kopo la melatonini. Huko inauzwa dukani kama virutubisho, bila cheti cha daktari. Uingereza huipati mpaka daktari akuandikie.

Melatonini ni homoni ambayo mwili wako unaitengeneza wenyewe, kwenye tezi ndogo ndani ya ubongo, giza linapoingia. Kazi yake ni kuuarifu mwili kwamba usiku umefika.

Maoni yangu ni kwamba inaweza kukusaidia kidogo, lakini si kwa yote unayoahidiwa. Huko Boston, Marekani, wanawake 95 waliowahi kuugua saratani ya matiti na waliokwisha kukoma hedhi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza miligramu 3 za melatonini kila usiku kwa miezi 4, jingine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa 2014: waliopata melatonini walisema wanalala vizuri zaidi. Joto la ghafla halikupungua, wala hali ya huzuni haikubadilika. Kuna utafiti wa Denmark ulioona miligramu 6 zikipunguza dalili za sonona, lakini hao walikuwa wanawake wa kipindi cha upasuaji, si mama aliye mwaka wa tatu wa tamoksifeni.

Kwa hiyo anayekuambia melatonini itakuondolea joto na huzuni amepita ushahidi. Na anayekuambia inatibu saratani, uache vidonge vyako, mkimbie. Kilichoonekana kwenye seli za maabara ni jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo ulipo wasiwasi wangu mkubwa. Kwa saratani yenye vipokezi vya estrojeni, kumeza tamoksifeni kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15. Usiiache kimyakimya kwa sababu ya kukesha. Sema kliniki. Dawa inaweza kubadilishwa, na zipo dawa za kupunguza joto la ghafla. Ila usiazime za jirani: fluoksetini na paroksetini, ambazo ni dawa za sonona, huzuia ini kuigeuza tamoksifeni kuwa katika hali inayofanya kazi vizuri.

Halafu kuna kopo lenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Canada walipima bidhaa 31 za melatonini. Kiasi kilichomo kilianzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 juu yake, na bidhaa 8 zilikuwa na serotonini ambayo haikutajwa. Ukimeza "miligramu 3" hujui umemeza ngapi.

Daktari wako akikubali ujaribu, anza na kiasi kidogo, saa moja au mbili kabla ya kulala, usiendeshe gari baada ya kumeza, na baada ya wiki chache kama huoni tofauti, acha. Mwambie kama unatumia warfarini au dawa za kifafa.

Mimi ningeanza na kitu kisichouzwa kwenye kopo. Tiba ya kubadili mawazo na mazoea ya usingizi ndiyo yenye ushahidi imara zaidi, na sehemu yake unaweza kuianza leo. Amka saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usingizi usipokuja, toka kitandani, kaa mahali penye mwanga hafifu, rudi ukisinzia. Simu ibaki sebuleni. Chai ya mwisho iwe saa tisa alasiri. Lalia khanga ya pamba, na uwe na nyingine kavu karibu. Ila huzuni ikidumu wiki mbili, au ukianza kuwaza kifo, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Na kwa wazazi: melatonini nyingi za huko nje ni peremende za kutafuna, tamu kama pipi. Marekani, taarifa za watoto waliomeza melatonini zilizofika vituo vya sumu zilipanda kutoka 8,337 mwaka 2012 hadi 52,563 mwaka 2021. Kama kopo liko kwenye meza ya kitanda, lihamishie kabatini, ufunge. Siku ya kliniki lichukue uende nalo, daktari alisome mwenyewe.